Herufi nono zinaanzia kwenye tundu

Mtu akifungua biashara ya vitu vya watoto hapa Kampala, iwe daycare, keki, yoghurt au duka la viatu vidogo, kuna siku atashuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, na ombi lilelile: nataka herufi nono, zile zimevimba, zinachekacheka. Dizaina amekaa kwenye kompyuta, foleni ni ndefu, anafungua CorelDRAW, anaandika jina kwa fonti ya kawaida tu, anaizungushia mstari wa nje mzito wa rangi ileile, herufi zinavimba hapo hapo, sevu, printi, lipa uende. Alafu bana, yaani lile bango la kuchapwa, inatundikwa na mtu aliyeko ng'ambo ya barabara anaona madoa yamepangwa mstari, anajua ni tangazo ila kusoma hawezi.

Sasa tatizo limetoka wapi wakati unene ndo mteja aliomba? Limetoka kwenye huo mstari wa nje. Kwenye programu nyingi mstari unakaa juu ya ukingo wa herufi, nusu ya unene wake inaenda nje na nusu inaingia ndani. Kwa nje hakuna shida, nafasi ipo. Kwa ndani ndo kuna kesi, kwa sababu herufi kama e, a, o, b na g zina tundu, na tundu hilo ndo kitu jicho linashika ili lijue hii ni e na ile ni o. Andazi la shimo ukilitia kwenye mafuta linavimba pande zote na shimo linazidi kubana, na herufi ya kuneneshwa kwa mstari inafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo watu wanaochora fonti nono kwa kazi yao wanaanza na tundu: wanaamua litakuwa kubwa kiasi gani na la umbo gani, alafu nyama yote inapangwa kulizunguka. Ukilielewa hilo, mambo mengine yote ya fonti hizi, zinafaa wapi, zinaharibika vipi, kwa nini namba ya simu haisomeki, yanafuata yenyewe.

Hebu tupige hesabu kidogo, haiumi. Herufi ya kompyuta inachorwa ndani ya mraba wa kufikirika ambao mara nyingi umegawanywa uniti 1000 kwenda juu. Kwenye fonti ya kawaida ya kusomea, kimo cha herufi ndogo kama x au e ni kama 500 hivi, na shina, yaani ule mstari wa kusimama, lina unene wa kama 80 hadi 100. Chukua e, ipasue katikati kwa kisu kutoka juu mpaka chini, utakuwa umekata mistari mitatu: upinde wa juu, kijiti cha kati, upinde wa chini. Mara tatu 90 ni 270, zinabaki 230 za kugawana matundu mawili, raha mustarehe. Sasa nenesha mpaka 200 na uache mistari yote mitatu iwe na unene huo: 600, na kimo chako ni 500. Haiingii. Hapo hakuna ubishi, ni hesabu ya P3.

Kwa hiyo mchoraji anaanza kudanganya jicho. Anapandisha kimo cha herufi ndogo kifike 600 na kitu, ndo maana kwenye fonti nono herufi ndogo zinakaribia kulingana na zile kubwa, na mikia ya p na g ni mifupi kama imepunguzwa kwa makasi. Mistari ya kusimama anaiacha minene ila ile ya kulala anaikondesha, na jicho halilalamiki kabisa, kwa sababu hata kwenye herufi za kawaida mstari wa kulala huwa mwembamba kidogo kuliko wa kusimama (ukiilinganisha kwa rula iwe sawasawa, ule wa kulala unaonekana mnene zaidi, jicho ndo lilivyo). Rudi kwenye e yetu: kimo 620, upinde 170, kijiti 110, upinde 170, jumla 450, zinabaki 170, kila tundu linapata 85. Ni jembamba lakini lipo. Alafu anatanua herufi kwa upana ili tundu lililopungua kwenda juu lirudishiwe kwa kwenda pembeni, na hapo ndo unapata ile sura ya unono tunayoijua, na pia ndo sababu jina refu kwa fonti hizi linakula bana nzima.

Kuna na sehemu nyingine ngumu, pale mistari miwili inapokutana, mfano mkono wa n unapotoka kwenye shina. Unene na unene ukikutana panakuwa na rundo la weusi. Mchoraji mzuri anachonga kakona kadogo pale ndani ili weupe uingie. Mbinu hiyo inajulikana sana kutoka kwenye fonti ambayo haina uhusiano wowote na michezo ya watoto: Bell Centennial, aliyochora Matthew Carter mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya simu vya AT&T Marekani, herufi ndogo sana kwenye karatasi duni, akazichonga vipembe ili wino ukisambaa ujaze vile vipembe badala ya kuharibu herufi. Kwenye fonti nono kazi ni ileile ila kwa ukubwa wa ukuta.

Historia yake nitaipita haraka. London mwanzoni mwa miaka ya 1800 matangazo ya bahati nasibu na ya biashara yalikuwa yanagombania kuta, na wachonga herufi, Robert Thorne ndo hutajwa zaidi, wakachukua herufi za vitabu za wakati ule wakanenepesha mashina kupita kiasi huku mistari myembamba ikibaki myembamba vilevile. Zile zilipiga kelele lakini hazikucheka. Herufi kubwa za chuma kilichoyeyushwa zilikuwa nzito na ghali, mpaka Darius Wells wa New York mwaka 1827 akaanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, hapo mabango makubwa yakawa kitu cha kawaida.

Ile sura ya kirafiki ambayo wengi wetu tunaiona kichwani tukisikia herufi nono ni ya Cooper Black, kazi ya Oswald Cooper wa Chicago, iliyotolewa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler. Mwenyewe aliitania kwamba ni fonti ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Ukiitazama vizuri karibu haina kona kali, vikanyagio vya chini ya herufi vimeviringwa, mstari wa chini kabisa hauko bapa, na tundu la o limeinama kidogo upande wa kushoto, ndo inaonekana kama inataka kujiviringisha. Hiyo ya kukosa kona ina faida ya kikazi pia: kona kali ikichapwa vibaya inaonekana mara moja, ila duara likichakaa kidogo nani atajua? EasyJet, kampuni ya ndege ya Uingereza, mpaka leo jina lake limeandikwa kwa hiyo hiyo.

Miaka ya 1960 na 70 ndo zikarudi kwa kishindo, na sababu ilikuwa ya kiufundi zaidi kuliko fasheni. Herufi ya chuma ilikuwa imekaa kwenye kibonge chake, haiwezi kumgusa jirani. Walipoanza kupanga herufi kwa picha, na kwa zile karatasi za kusugua za Letraset, ghafla ukaweza kuzisogeza mpaka zikumbatiane. Fonti nono zinapenda sana hiyo, kwa sababu tundu la ndani likiwa dogo, na nafasi ya kati ya herufi lazima iwe ndogo, vinginevyo neno linaachana. Hili watu wengi wanalikosea kinyume: wanaona bana haisomeki, wanatawanya herufi, na sasa una madoa yaliyotengana.

Kwa nini zinachekesha lakini? Sehemu moja ni duara. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika tangu 1929 kwamba watu wakipewa umbo la mviringo na umbo la pembe kali, na majina mawili ya kubuni, moja laini na moja la kukwaruza, wengi wanagawa jina laini kwa mviringo bila kufundishwa. Kampuni za chakula zinalijua hilo vizuri, Chobani wa yoghurt wa Marekani walibadilisha sura yao mwaka 2017 wakaenda kwenye herufi nono laini, Burger King nao mwaka 2021 wakatoka na fonti yao ya Flame iliyovimba kama chakula chao. Mimi naona ilifaa, ingawa baada ya hapo kila mtu alifuata na sasa rafu za supamaketi zimeanza kufanana.

Sehemu ya pili ni kucheza kwenyewe: herufi moja imeinama, nyingine imeruka juu kidogo, ya tatu ni kubwa kuliko jirani yake. Na hapa sisi wa Uganda tuna shida yetu ambayo wachoraji wa huko mbali hawaiwazi. Kiganda kimejaa herufi za kurudia. Ssebo, nnyabo, Ggaba, Bbunga. Ukiandika Ggaba, g kubwa na g ndogo zinatofautiana, sawa, ila andika okuggulawo au abaana uone: g mbili zimeinama upande uleule kwa kipimo kilekile, a mbili zimeruka kimo kilekile, na uchezaji wote unaonekana ni wa mashine. Fonti nzuri za aina hii zinabeba sura mbili au tatu za herufi moja, na programu inazibadilisha yenyewe zikifuatana. Nyingi za bure hazina hiyo kitu. Kama yako haina, geuza maandishi yawe mikondo (Convert to Curves), yaani michoro badala ya fonti, na uizungushe ile herufi ya pili kidogo kwa mkono, ni kazi ya dakika mbili na inaonekana tofauti kabisa.

Kabla hujaichagua fonti, acha kutazama lile jina lake limeandikwa kubwa kwenye tovuti, lile limechaguliwa likupendeze. Andika kabalagala, jina la vile vikeki vya ndizi vya kukaanga. Herufi kumi, na tano kati yake ni a. Kiswahili na Kiganda zote zinapenda a kuliko herufi yoyote, kwa hiyo ukinunua fonti nono kwa matumizi yetu kusema ukweli unanunua a. Kuna a ya ghorofa mbili, ile ina kofia juu na tumbo chini, na kuna ya ghorofa moja, duara na shina tu kama tulivyofundishwa kuandika shule. Ya ghorofa mbili ina mistari mitatu ya kupasua kama e, kwa hiyo ikinenepa sana inajifunga haraka. Ya ghorofa moja ina tundu moja kubwa na kwa unene huu inapumua vizuri. Kwa jina la nursery napendekeza ya ghorofa moja bila kufikiria mara mbili, na mtoto wa Top Class, darasa la mwisho la nursery, ndo hiyo anaijua kwenye daftari lake. Ila angalia isifanane na o, kwenye fonti zingine tofauti ni kashina kadogo tu pembeni, na kabalagala inasomeka kobologolo kutoka mbali.

Namba ya simu, jamani. Hii ndo dhambi kubwa ya mabango yetu. Mtu ana jina zuri nono juu, alafu chini anaweka namba ya MoMo, ya kupokea hela kwa simu, kwa fonti ileile ikiwa ndogo. Sasa tarakimu 3, 6, 8, 9 na 0 zinatofautiana kwa tundu peke yake: 8 ni matundu mawili, 6 na 9 ni moja na mlango, 3 ni milango miwili. Ziba matundu na zote zinakuwa kitu kimoja, na mteja anatuma hela kwa mtu mwingine. Jina weka nono, namba weka fonti ya kawaida ya boldi, ikae mbali kidogo na jina. Vivyo hivyo bei, masaa ya kufungua, na chochote ambacho mtu akikosea herufi moja anapata hasara. Watu wa mabango wana kipimo chao cha mkono kwamba kila mita 3 za umbali unahitaji herufi ya kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke vizuri. Kwa fonti nono ongeza, kwa sababu kinachosomwa ni tundu na tundu ni dogo kuliko herufi.

Herufi kubwa tupu nazo zina mtego wake. Watu wanapenda kuandika kila kitu kwa herufi kubwa wakidhani inaonekana zaidi. Kwa fonti nono neno zima la herufi kubwa linakuwa tofali refu, kingo za juu na za chini zimenyooka, jicho halina pa kushika. Herufi ndogo zina vichwa vinavyotokeza, b, k, l, na mikia ya g, y, p, hata kama ni mifupi. Jina fupi kama ROLEX, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, kwenye kibanda cha chapati linakubali, herufi tano tu. Jina la maneno matatu hapana.

Alafu kuna suala la kitu unachochapia, na hapa ndo pesa inapotea. Tisheti za kuchapwa kwa skrini: wino unasambaa kwenye pamba, tundu la milimita moja linaondoka kabisa, kwa hiyo logo inayokwenda kwenye tisheti iangalie kwa ukubwa halisi, printi kwenye karatasi ya kawaida, ibandike kifuani urudi nyuma. Stika za kukatwa kwa plota, kama zile za kioo cha taksi, kuna mtu lazima akae na kisindano akitoa kila katundu kwa mkono, na vitundu vidogo vya e na a ndo vinamtesa na ndo vya kwanza kubaki vimeziba kwa uvivu. Sweta za shule za kudarizi zinapigiwa hesabu kwa idadi ya mishono, herufi nono ni eneo kubwa la kujaza, bei inapanda na kitambaa kinakakamaa kifuani. Hapo chukua mstari wa nje wa herufi tu, usijaze ndani, inapendeza na inapungua gharama. Wachoraji wa kuta wao hawana shida, wanachora ukingo kwanza kisha wanajaza kwa brashi, na wengi wao ukiwaangalia wanaacha tundu kubwa kuliko dizaina wa kompyuta kwa sababu brashi yenyewe inahitaji kupita.

Sehemu ya mwisho ni ya kwetu kabisa. Kiswahili kinaandika ng' kwa alama ya juu, na kwenye fonti nono ile alama ni kitu kikubwa kama ngumi ndogo, inaacha shimo katikati ya neno. Buchari ikiandika nyama ya ng'ombe, isogeze alama kwa mkono mpaka ikae juu ya bega la g, na tumia ile ya kuviringa, ile ya kunyooka ni ya taipureta. Kiganda, na vilevile Kiacholi na Kiteso, vinatumia ŋ, herufi kamili, na hiyo haimo kwenye fonti nyingi za kucheza kwa sababu aliyezichora alikuwa anawaza Kiingereza tu. Ukiandika eŋŋoma au eŋŋaano kompyuta haikosi adabu ikakuambia haina, inakopa kimyakimya kutoka fonti nyingine, na sasa una neno nono lenye ŋ mbili nyembamba katikati. Ndo maana mabango mengi yanaandika ng' hata kwa Kiganda, mtu amechoka kupigana. Kwa hiyo baada ya kabalagala, andika eŋŋaano. Fonti ikishindwa hapo na biashara yako ni ya mikate ya ngano, tafuta nyingine, au itengenezee.

Kuitengenezea siyo ngumu: chukua n ya fonti hiyo hiyo, chukua mkia wa j, unganisha kwenye mguu wa kulia, punguza unene pale zinapokutana kama nilivyosema juu, iweke kwenye nafasi 014B ya Unicode, ule mfumo unaoipa kila herufi ya kompyuta namba yake. FontForge ni programu ya bure na inatosha. Herufi kubwa Ŋ iko 014A, na hapo uwe makini kwa sababu ina sura mbili duniani: Wasami wa Ulaya ya kaskazini wanatumia N kubwa yenye mkia, sisi Afrika tunatumia umbo la n ndogo lililokuzwa, na fonti nyingi zinakuja na ile ya Wasami. Cha kuangalia kabla hujagusa kitu ni leseni. Zile zilizoandikwa ni kwa matumizi binafsi tu hazifai hata kwa kibanda cha biashara, na kuzifungua na kuzibadilisha ni kosa lingine juu yake. Zenye leseni ya SIL Open Font License, na nyingi kwenye Google Fonts ni hizo, unaweza kutumia kwa biashara, kuongeza herufi, hata kumgawia mwenzako, ila usiiuze ikiwa peke yake, faili la leseni liende nayo, na kama jina la fonti limehifadhiwa humo ndani, hiyo yako yenye ŋ uipe jina lingine.